Mbao za Kipande cha Juu

Shamba la Miti, Nyumba za Wafanyakazi
Tarehe 3 Februari

Dada mpenzi,

Utakapoisoma barua hii, dereva wa lori atakuwa ameshashusha mbao mbele ya karakana yako na kudai chai. Mpe, maana nimemsumbua sana. Mbao hizo ni zawadi yangu ya harusi. Najua imechelewa, na najua wenzangu walileta sufuria kwa wakati. Lakini sufuria mtu huinunua tu dukani. Hizi nimezichagua zingali zimesimama, zina majani.

Nikueleze zilikotoka. Shamba letu lina vipande viwili vya misonobari vilivyopandwa mwaka mmoja, nadhani mimi nilikuwa darasa la kwanza. Kipande cha chini, aliyekipanda alibananisha miche kana kwamba aliogopa nusu yake itakufa, na haikufa. Ukiingia adhuhuri unakuta giza. Miti ni myembamba, imenyooka kama wanafunzi kwenye paredi ya asubuhi, na matawi yote ya chini yamekauka na kudondoka. Kipande cha juu kilipewa nafasi mara mbili ya hiyo. Huko, Dada, nikiukumbatia mti vidole vyangu havikutani. Matawi yanaanzia karibu na ardhi, manene kama mapaja. Jua linafika chini na nyasi zinaota.

Udongo ni mmoja na mvua ni ileile. Tofauti ni nafasi tu.

Jambo hili nalifikiria hata ninapopiga mswaki. Unakumbuka tulivyolala kitanda kimoja, mimi na wewe, na kapu la Mama la vitambaa miguuni? Nilikuwa naamka nimejikunja kama jani kavu. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba kile kipande cha chini nakijua kwa mwili wangu.

Mwezi wa tano bodi ya shamba itaamua jinsi ya kupanda mteremko mpya ulio nyuma ya ofisi. Nitapendekeza nafasi kubwa, kama kipande cha juu. Meneja ananipenda kwa hilo, kwa sababu miche inakuwa michache. Ila ananiambia, "Binti, maneno ya mtu aliyetoka chuoni juzi yanataka shahidi." Basi shahidi wangu utakuwa wewe. Tengeneza kitanda. Mbao zimetoka katika miti minene kuliko yote tuliyonayo.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako,
Kimya


Karakana
Tarehe 15 Machi

Kimya wangu,

Dereva alikunywa chai vikombe vitatu na kuniuliza kama nina mdogo mwingine. Nimemwambia mmoja ametosha.

Kitanda kimekwisha. Nimekitengeneza kwa mikono yangu, matendegu manne ya mraba, mifumbati mipana ya kando, na chaga zote zinazobeba godoro ni za mbao zako. Kwa kweli watu wanakizungumzia hadi mtaa wa pili. Mama Mkwe mwenyewe alikuja kukikagua, akakikalia, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Mimi na shemeji yako tunalala fofofo.

Kuna jambo dogo tu nataka kuuliza, la kifundi. Yale mafundo kwenye mbao, makubwa kama vitovu vya watoto, ni ya kawaida kwa miti yenu? Randa yangu ilikuwa inalia kila inapoyafikia. Na mbao mbili zilijipinda kabla sijazigusa, nilizilaza Jumatatu, Alhamisi zimekuwa kama upinde. Labda ni karakana yangu, bati linavuja. Usijali. Ni mapambo.

Kuhusu kujikunja kama jani kavu: wewe ulikuwa unalala umejitandaza kama nguo kwenye kamba. Mimi ndiye niliyekuwa nikining'inia ukingoni. Muulize Mama.

Kula vizuri. Ulipokuja harusini ulikuwa mfupa na macho.

Dada yako


Shamba la Miti
Tarehe 9 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Meneja.

Pendekezo nimeshaliandika. Ukurasa wa kwanza ni vipimo vya unene. Ukurasa wa pili ni wewe. Nimeandika: "Mbao za miti iliyopewa nafasi kubwa zimetengenezewa kitanda na fundi mwenye uzoefu. Kinabeba watu wawili bila kulia, na sifa zake zimeenea mtaani." Meneja amecheka, akasema hajawahi kuona kitanda kwenye ripoti ya misitu, lakini amekiacha. Nakala zimepelekwa kwa wajumbe wote.

Mafundo ni alama za matawi, Dada. Kila tawi lina mzizi wake ndani ya shina, na mti unapozidi kunenepa unalimeza. Mti wenye nafasi haulazimiki kuacha matawi yake. Mimi nayaona kama kumbukumbu za uhuru. Najua utacheka. Cheka.

Ninakwambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha namna hii kazini. Jioni napanda mteremko mpya peke yangu na kuuona umejaa, miti mipana imesimama mbali mbali, kila mmoja na jua lake. Miche inaagizwa baada ya bodi kukaa, tarehe 20 Mei. Mashimo yakishachimbwa, miaka ishirini na tano ijayo haitabadilika tena. Ni jambo kubwa kuamua ukiwa na umri wangu. Bila kitanda chako nisingethubutu.

Kimya


Nyumbani
Tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Sisi wazima, isipokuwa goti langu na cherehani, vyote vinakwama asubuhi. Nimekushonea blauzi mbili. Zile ulizochukua zimeshakuwa za kudekia.

Dada yako amenisomea ulivyoandika kuhusu kitanda kwenye karatasi za wakubwa. Alisoma nusu akaacha, akasema moshi umemwingia machoni. Moshi upi, jiko lenyewe halijawashwa. Nikaona niseme mwenyewe: mwanangu, una roho kubwa. Mtu mwingine angeona aibu kutaja kitanda kilichomwangusha mama mkwe wa watu, wewe umekipeleka mpaka kwenye bodi ili wengine wajifunze. Hivyo ndivyo nilivyowalea.

Mama Mkwe mwenyewe sasa ni mzima. Wiki ya kwanza alitembea kama anayetafuta sindano, sasa amenyooka, na anaisimulia hadithi hiyo vizuri kuliko wote waliokuwepo. Kila akiisimulia anaanguka kutoka juu zaidi. Dada yako na mumewe bado wanalala godoro chini. Wanasema linasaidia mgongo.

Mama yako


Shamba la Miti
Tarehe 6 Mei

Dada,

Mama amenisifu kwa ujasiri ambao sina. Kitanda kilivunjika lini?

Ripoti iko mezani kwa watu saba. Wakikubali, mteremko mzima utapandwa kwa sababu ya sentensi niliyoiandika kwa kukuamini wewe.

Nitumie chaga iliyovunjika kwa lori la Jumatano. Usiifunge vizuri. Nataka kuiona ilivyo.

Kimya


Karakana
Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Hiyo hapo, ndani ya gunia. Nimekuwekea vipande vyote viwili.

Ilikuwa siku ya tatu. Mama Mkwe alikuja na shemeji zangu wawili, akasema fundi wa kike hajawahi kumwona, acha aone kazi. Akazunguka kitanda. Akagonga tendegu kama anayepiga hodi. Akasema, "Kizuri." Akakaa. Kitanda kikatoa sauti moja, si kubwa, kama mtu anayemeza mate. Kisha Mama Mkwe akawa anatuangalia kutoka chini, magoti yakiwa karibu na masikio, mkoba bado uko mapajani. Akasema, "Mwanangu, hiki ni kitanda au mtego wa panya?" Shemeji yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikuweza kucheka. Mimi ndiye fundi.

Chaga iliyoanza ni hiyo iliyo mkononi mwako, ikaiachia mzigo jirani yake, jirani akamwachia jirani. Angalia ilipokatikia. Imekatikia kwenye fundo, utafikiri imekatwa kwa kisu. Lile fundo halikushikana na ubao, ukilisukuma kwa kidole linatoka kama kizibo. Na upande uliotoka katikati ya mti ni laini, ukucha unaingia.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu nakujua. Ulipokuwa mdogo nikikuambia mchoro wako wa mbuzi unafanana na meza, unakaa siku mbili hutii wala hujibu, na nyumba nzima inakosa hewa. Nikasema, amechagua miti hiyo ikiwa na majani, nitamwambiaje? Nikapanga kukuambia ukija. Sikujua kitanda kitapanda cheo namna hiyo.

Lakini na wewe usinikaripie sana. Isome tena barua yako ya kwanza. Hukuniuliza kama mbao ni nzuri, ulinitangazia. Uliniita shahidi kabla sijaona kesi. Mtu akiandika hivyo, mwenzake anaweka wapi mguu?

Sasa ninakwambia bila sukari: mbao zako ni nene, ni nyingi, na ni mbaya. Afadhali kuni.

Nuna ukitaka. Nipo.

Dada yako


Shamba la Miti
Tarehe 23 Mei

Dada,

Nilinuna siku moja na nusu. Siku ya pili, mchana, nikaona ninajichosha, nikachukua vipande vyako viwili vya chaga nikashuka navyo hadi kwenye miti ya kipande cha chini.

Sikuwahi kukaa humo zaidi ya dakika za kupima. Safari hii nilikaa chini nikaegemea mti. Nikatazama juu na kuona kile ambacho mwaka mzima nimekipita: shina safi, halina tawi mpaka juu kabisa. Kivuli kiliyaua matawi ya chini yangali membamba kama kidole, yakadondoka, na mti ukafunga kidonda chake na kuendelea. Nikawaomba watu wa kiwanda cha mbao wanipasulie mti mmoja. Mbao zake ni nyembamba kweli, lakini mafundo ni kama punje za dengu, na pete za miaka zimekaribiana, ngumu. Ule mnene wa juu ulikimbilia kunenepa ujana wake wote, ndiyo maana kati yake ni laini. Mimi nilipima unene tu. Nilipenda unene kwa sababu zangu, na nikauita sayansi.

Lakini kipande cha chini nacho si peponi, usidhani nimehama dini. Nusu ya miti humo inakufa imesimama, na iliyobaki haijanenepa miaka mingi. Mtu alipanda karibu karibu, akafanya vema, kisha akasahau kurudi. Ilipasa arudi na kupunguza, awaondoe wanyonge, waliobaki wapumue. Nafasi haitolewi yote siku ya kwanza. Inatolewa mti unapoihitaji.

Basi tarehe 20 niliingia kwenye bodi na gunia. Meneja akaniuliza mlangoni, "Umeleta mihogo?" Nikamwambia aketi kwanza.

Mwenyekiti ni mama mnene asiye na haraka, anasoma kila ukurasa huku akilamba kidole. Nikaweka chaga yako mezani, juu ya ripoti.

"Hii ni nini?"

"Chaga ya kitanda, Mwenyekiti."

"Kitanda kipi?"

"Kile cha ukurasa wa pili."

Akafunua. Akasoma kwa sauti: "Kinabeba watu wawili bila kulia." Akanitazama juu ya miwani. "Kilibeba wangapi?"

"Mmoja, Mwenyekiti. Hakukaa sana."

Mjumbe mmoja akakohoa ndani ya leso. Nikaeleza yote, Dada, na Mama Mkwe nikamtaja kwa heshima. Nikasema pendekezo langu si sahihi na ninaomba kuliondoa. Kisha nikalaza ubao mmoja wa kipande cha chini kati ya viti viwili nikamwomba Meneja aukanyage. Alikataa, Mwenyekiti akamwangalia, akapanda. Ubao ukainama chini yake na kumrudisha juu polepole. Akashuka, akapanda tena bila kuombwa.

Nikapendekeza tupande karibu karibu, tupogoe matawi ya chini, kisha tupunguze miti mara mbili kabla ya kuvuna. Meneja akasema miche itakuwa maradufu, na watu hupenda kupanda, hakuna anayependa kurudi kukata alichopanda. Hapo alisema kweli, ndivyo kipande cha chini kilivyosahaulika. Mwenyekiti akaniuliza, "Miaka minane ijayo nani atasimama pale aseme huu ubaki, huu uondoke?"

Nikasema, mimi.

Sikujua nitasema hivyo mpaka nilipolisikia neno limeshatoka. Unajua nilivyo, mwaka mzima nimekuwa naishi hapa sanduku likiwa halijafunguliwa vizuri. Wakapiga kura. Wamekubali. Mwenyekiti akaniambia nikitoka, "Uache hiyo chaga." Ameitundika ofisini kwake.

Nilitembea kurudi nyumbani nikicheka peke yangu kama kichaa. Nimekosea mbele ya watu saba na bado nipo.

Mvua zikianza tunapanda. Njoo. Njoo na yeyote anayetaka kuja. Na ukifika, uniambie unachokiona, chochote, siku hiyohiyo.

Mdogo wako


Shamba la Miti
Tarehe 9 Novemba

Mama,

Tunakuandikia pamoja. Kalamu nimeishika mimi, Kimya, na Dada amekaa hapa kando na kusema atainyakua akiona uongo.

Walifika juzi, Dada, shemeji na Mama Mkwe, ambaye alisema lazima aione miti iliyomwangusha. Amekuja na kiti chake mwenyewe. Alipofika kipande cha juu alizunguka mti mmoja, akaupiga kofi, akauambia, "Ndio wewe." Sasa ni rafiki wa Meneja. Wanakaa barazani wanazungumza magonjwa ya mgongo.

Leo tumepanda. Tunatumia kamba ndefu iliyofungwa vitambaa vyekundu, kila kitambaa ni mahali pa shimo moja. Watu wawili wanaivuta ikaze, wengine wanafuata na majembe, na nyuma yao wanakuja wenye miche. Kina mama wa shamba wanapanda huku wanatukanana kwa utani mpaka shemeji amejifunza maneno mapya. Dada alishika jembe saa nzima.

Mama, ni mimi, mwanao mkubwa. Nimeshika jembe tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na nina malengelenge manne ya ushahidi. Endelea, wewe.

Haya. Mstari wa kwanza niliupanda mimi. Kamba niliivuta mwenyewe, upande mmoja nikaufunga kwenye kigingi, sikutaka mtu anisaidie. Nilipomaliza nikasimama juu ya mteremko na moyo umejaa. Miche ilikuwa mizuri sana, kama alama ndogo za kijani mtu ameziandika kwenye udongo. Dada akaja akasimama nyuma yangu. Akafumba jicho moja, vile anavyofanya akiangalia ubao.

Mama, ni mimi mkubwa tena, hapa nataka kusema mwenyewe. Nilitaka kukaa kimya. Watu wote walikuwa wanamwangalia, bosi wake yupo, wafanyakazi wapo, na yeye uso wake umeng'aa sijauona hivyo tangu azaliwe. Kisha nikasema, "Umepinda."

Alisema hivyo, Mama. Mbele ya wote. Nikamwuliza, "Wapi?" Akasema, "Kuanzia katikati unaelekea kwa Mama Mkwe." Nikafumba jicho moja na mimi. Nikaangalia. Ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa, na kila mstari utakaofuata ungeufuata huo.

Mimi nilikuwa nahesabu pumzi, Mama, nangoja anune. Hakununa. Alipiga magoti akang'oa mche wa kwanza, akaniwekea mkononi na udongo wake. Akaniambia, "Basi shika upande ule wa kamba, usisimame kama mgeni."

Tukaung'oa mstari mzima. Dada upande wake, mimi upande wangu, kamba ikakazwa mpaka ikalia. Mvua ikatukuta katikati na hakuna aliyekimbia. Mama Mkwe alikuwa anapiga kelele kutoka barazani kwamba tutaugua, kisha akaja mwenyewe na mwavuli kuifunika miche badala yetu.

Sasa tumekaa jikoni kwangu, matope mpaka viunoni, na maji ya kuoga bado hayajachemka. Kutoka dirishani hapa mstari unaonekana wote. Umenyooka, Mama. Nimemwuliza Dada mara mbili, na mara zote mbili ameangalia kwanza ndipo akajibu.

Wanao